Kompyuta Moja, Skrini Tatu: Somo kwa Makatibu na Wanachama wa Vyama vya Msingi



Somo letu la safari hii lahusu chombo ambacho kimeanza kuonekana katika ofisi za vyama vyetu mkoani Singida, lakini ambacho wengi wetu twakinunua kabla ya kukifahamu. Chombo hicho ni kituo cha kuunganishia kompyuta, ambacho wauzaji na mafundi hukiita doki. Kazi yake ni kuiwezesha kompyuta mpakato moja, yaani laptopu, kutumia skrini mbili au zaidi za nje kwa wakati mmoja, pamoja na kibodi, kipanya, mashine ya kuchapa na waya wa mtandao, na yote hayo kwa kebo moja tu inayoingia ubavuni mwa kompyuta.

Baada ya kulisoma somo hili na kulijadili, msomaji aweze kufanya mambo manne: kueleza faida ya skrini ya ziada kwa mwanachama, kutambua kama kompyuta ya chama chake yaweza kutumia doki, na doki ya namna gani, kuunganisha vyombo kwa utaratibu, na kulinda siri za wanachama wakati skrini zinapotumika mbele ya watu.

1. MIZANI NA MACHO YA MWANACHAMA

Yafaa tuanze na mizani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakulima wa pamba wa Usukuma, waliochoka kupunjwa kwenye mizani ya wanunuzi, waliweka wapimaji wao wenyewe kwenye vituo vya kununulia pamba. Kutokana na juhudi hizo, chini ya uongozi wa Paul Bomani na wenzake, vyama vya msingi vingi vilizaliwa, na mwaka 1955 likaundwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria. Wakulima wale walidai haki moja rahisi, nayo ni kuona kwa macho yao wenyewe kilo zao zikipimwa na kuandikwa.

Haki hiyo haijazeeka. Kilichobadilika ni mahali pa kuandikia. Zamani karani aliandika katika kitabu cha stakabadhi chenye karatasi ya kaboni, na mkulima aliyesimama mbele ya meza aliweza kuinama akasoma. Leo taarifa za chama zaingizwa katika Mfumo wa Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, uitwao MUVU, na mazao kama ufuta, dengu na mbaazi yaweza kuuzwa kwa utaratibu wa stakabadhi ghalani na minada ya Soko la Bidhaa Tanzania. Katibu aandika kwenye kompyuta, na mwanachama aliyesimama upande wa pili wa meza aona mgongo wa kompyuta tu. Hajui kilichoandikwa mpaka apewe karatasi, na aghalabu karatasi hiyo huchapwa jioni, au kesho yake umeme ukirudi.

Mwaka mmoja, wakati wa msimu wa ufuta, nilikaa siku nzima katika chama kimoja kilichokuwa kimeelekeza skrini ndogo kwa wanachama. Alikuja mama mmoja wa makamo na gunia lake. Mizani ikasoma kilo 86. Katibu, aliyekuwa amefanya kazi tangu alfajiri, akaandika na kuita anayefuata. Mama hakuondoka. Akasema, “Mwanangu, mizani imesema themanini na sita. Mbona hapo umeandika sitini na nane?” Katibu akatazama, akaona kweli amezigeuza tarakimu, akasema, “Samahani mama, nimekosea,” akasahihisha papo hapo. Hapakuwa na wizi wala ugomvi. Lakini bila ile skrini, kilo 18 zingepotea, na siku ya malipo mama yule angeamini mpaka kufa kwake kuwa chama kilimwibia.

Hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya kuwa na skrini ya pili. Sababu ya pili ni kazi ya Katibu mwenyewe. Anayelinganisha daftari la mapokezi na orodha ya malipo kwenye skrini moja ndogo hufungua ukurasa huu, akaufunga, akafungua ule, huku akibeba tarakimu kichwani. Hapo ndipo makosa huzaliwa. Mwenye skrini mbili huziweka orodha ubavu kwa ubavu akazisoma mstari kwa mstari.

2. KOSA LILILONIFUNDISHA

Kabla ya kueleza namna ya kununua, sina budi kukiri kosa langu. Miaka michache iliyopita, bodi ya chama kimoja iliniomba ushauri. Walitaka doki na skrini mbili. Nilitazama ubavuni mwa kompyuta yao, nikaona tundu dogo lenye pembe za mviringo, lile liitwalo USB-C, nikasema, “Linafaa, nunueni.” Mkutano mkuu ulikuwa umekwisha idhinisha fedha, wakanunua.

Siku ya kuwasha, kompyuta ilichaji kupitia doki, kipanya kilitembea, kibodi iliandika. Lakini skrini zote mbili ziliandika kwamba hazipokei picha. Tukabadili kebo mara mbili. Tukamlaumu muuzaji. Baadhi ya wajumbe wakaanza kumnong’onea Katibu kuwa amenunua vitu vibovu ili abaki na chenji. Baada ya wiki mbili fundi mmoja kijana alifungua maelezo ya kompyuta ile kutoka kwa watengenezaji, akatuonyesha kwamba tundu lile lilijengwa kwa ajili ya chaji na taarifa tu. Halikujengwa kupitisha picha. Skrini zilikuwa nzima, doki ilikuwa nzima, na Katibu hakuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa la ushauri wangu, nami nilisimama mbele ya mkutano mkuu nikalisema.

Nalieleza jambo hili si kwa kujidhalilisha, bali kwa sababu fedha ile ilikuwa ya wanachama, na jina lililotaka kuchafuka lilikuwa la mtu asiyehusika. Tangu siku hiyo sijamshauri mtu kwa kutazama umbo la tundu peke yake.

3. UMBO LA TUNDU SI UWEZO WAKE

Tundu la USB-C lilitangazwa mwaka 2014. Umbo lake ni moja duniani kote, lakini mambo yapitayo ndani yake hutofautiana kati ya kompyuta na kompyuta. Milango miwili ya ghala yaweza kufanana kabisa kwa nje, mmoja ukaingia stoo na mwingine ukawa umejengewa ukuta kwa ndani. Tundu la USB-C laweza kuwa mojawapo ya haya:

(a) Tundu la taarifa tu, au la taarifa na chaji. Hili halipitishi picha kwa njia ya kawaida.

(b) Tundu lipitishalo taarifa, chaji na picha ya mfumo wa DisplayPort. Aghalabu huwekwa alama ya herufi P iliyo ndani ya herufi D.

(c) Tundu la Thunderbolt, lenye alama ya mshale wa radi, au tundu la USB4. Thunderbolt ya tatu na ya nne hupitisha taarifa nyingi zaidi, hadi gigabiti 40 kwa sekunde, na hubeba picha pia.

Alama hizi husaidia, lakini zisitegemewe peke yake, maana watengenezaji wengine hawaziweki. Njia ya uhakika ni kusoma namba kamili ya aina ya kompyuta, iliyo kwenye kibandiko chini yake, kisha kutafuta maelezo ya watengenezaji kuhusu namba hiyo. Jina la kampuni halitoshi, kwani kampuni moja hutengeneza kompyuta za aina nyingi zenye uwezo mbalimbali.

Aidha, tusisahau tundu la HDMI, lililo pana kidogo na lenye pembe mbili zilizokatwa upande wa chini. Kompyuta nyingi za ofisini zinalo. Tundu hilo peke yake laweza kuendesha skrini moja ya nje kwa kebo ya kawaida, bila doki yoyote. Chama ambacho shabaha yake ni mwanachama aone kilo zake kwa kawaida hakihitaji zaidi ya hapo. Doki inahitajika pale tunapotaka skrini mbili au zaidi, au tunapotaka Katibu achomeke kebo moja asubuhi na kuichomoa jioni aondoke na kompyuta.

4. AINA TATU ZA DOKI

Doki zauzwa kwa majina mengi, lakini kwa kazi yetu tuzigawe katika aina tatu.

Aina ya kwanza ni doki ya USB-C itumiayo picha inayotoka moja kwa moja kwenye kompyuta. Yahitaji tundu la namna ya (b) au (c) hapo juu. Doki nyingi za aina hii huigawa picha kwa mfumo uitwao MST, ili skrini mbili zionyeshe mambo mawili tofauti. Kompyuta za Windows huukubali mfumo huo. Kompyuta za Apple hazigawi picha kwa mfumo huo, hivyo skrini zote mbili huonyesha picha ileile. Kadhalika kompyuta mpakato za Apple za mwaka 2020 zenye kichakato cha M1, kama MacBook Air ya mwaka ule, zimejengwa kuendesha skrini moja tu ya nje.

Aina ya pili ni doki ya Thunderbolt. Ina nguvu kubwa na bei yake kwa kawaida huwa juu. Yawafaa wachora ramani na watengenezaji wa filamu. Kwa daftari la mapokezi ya alizeti na ufuta ni sawa na kukodi lori kubeba kikapu.

Aina ya tatu ni doki itumiayo teknolojia ya DisplayLink. Hapa programu maalumu huwekwa ndani ya kompyuta, ikaibana picha na kuipeleka kama taarifa za kawaida, kisha doki huifungua na kuipeleka kwenye skrini. Kwa hiyo hufanya kazi hata kwenye tundu la namna ya (a), na hata kwenye tundu pana la zamani la USB, maadamu ni la kizazi cha 3. Upungufu wake ni kwamba programu ile lazima iwekwe na kusasishwa, tena hutumia sehemu ya nguvu ya kompyuta. Kwa maandishi na tarakimu upungufu huo hauonekani sana.

Chama nilichokieleza hapo awali kilikubaliana na muuzaji kubadilishiwa doki kikapewa ya aina hii ya tatu kwa kuongeza tofauti ya bei. Wakati wakiisubiri, walitumia skrini moja kwa kebo ya HDMI. Skrini zote mbili zikafanya kazi siku ileile doki mpya ilipofika.

Tahadhari: kuna kifaa kidogo cha kugawa HDMI, chenye tundu moja la kuingilia na mawili ya kutolea. Hiki si doki. Hurudia picha ileile katika skrini zote. Chafaa katika mkutano mkuu, ili waliokaa nyuma wasome mizania sawasawa na waliokaa mbele, lakini hakimpi Katibu nafasi mpya ya kufanyia kazi.

Kuhusu ukubwa wa picha, skrini ya nukta 1920 kwa 1080 yatosha kabisa. Skrini iitwayo 4K ina nukta mara nne ya hizo, na kebo hubeba mzigo mara nne. Doki ndogo iliyoweza kubeba skrini mbili za kawaida huenda ikashindwa kubeba hata moja ya 4K ipasavyo. Tusinunue mzigo tusiouhitaji.

5. HESABU YA UMEME

Vyama vyetu vingine viko kwenye gridi na vingine vyategemea umeme wa jua. Kwa hiyo hesabu ya umeme ifanyike kabla ya hesabu ya bei. Tuchukue mfano.

Skrini moja ya inchi 22 hadi 24 hutumia wati 25 hivi. Kompyuta pamoja na doki yake tuzihesabu kwa wati 65. Ukiwa na skrini mbili, jumla ni wati 115. Ukifanya kazi kwa saa 6, utahitaji wati-saa 690.

Betri ya risasi ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200 kwenye karatasi. Lakini betri ya namna hiyo haipaswi kutolewa umeme zaidi ya nusu, isije ikafa mapema. Basi tunachoweza kutumia ni wati-saa 600, na hapo bado hatujatoa upotevu wa inveta. Skrini mbili zimeshinda uwezo wa betri. Ukiwa na skrini moja, jumla ni wati 90, na kwa saa 6 ni wati-saa 540; hapo betri yatosha, ila bila akiba. Kila chama kifanye hesabu hii kwa tarakimu zilizoandikwa kwenye vibandiko vya vyombo vyake.

Doki yenye chaja yake ndiyo huichaji kompyuta, kwa hiyo wati zake ziilingane kompyuta. Kompyuta iliyokuja na chaja ya wati 65 isiunganishwe na doki iwezayo kutoa wati 45 tu. Itachaji polepole au itaishiwa ikiwa kazini.

6. KUUNGANISHA HATUA KWA HATUA

Hatua ya 1. Kabla ya kulipa, ichukueni kompyuta ya chama mpaka dukani. Unganisheni doki na skrini zote mbele ya wajumbe waliotumwa kununua, na mwone picha tofauti katika kila skrini. Muuzaji asiyekubali jaribio hilo aachwe.

Hatua ya 2. Ofisini, chomekeni chaja ya doki kwenye umeme kwanza, kisha skrini. Tumieni kinga ya umeme kati ya ukuta na vyombo, maana umeme unaporudi baada ya kukatika waweza kuja kwa kishindo.

Hatua ya 3. Unganisheni skrini kwenye doki. Kama skrini ina tundu la VGA tu, lile la pini 15 lililoanza mwaka 1987, itahitaji adapta igeuzayo picha. Kebo tupu haiwezi kugeuza HDMI kuwa VGA. Vilevile adapta nyingi hufanya kazi upande mmoja tu. Itokayo DisplayPort kwenda HDMI haitafanya kazi ikigeuzwa.

Hatua ya 4. Kama doki ni ya DisplayLink, wekeni programu yake. Ipatikane kwa watengenezaji wenyewe, si kwa kuazimana kwenye flashi, ambazo huleta virusi.

Hatua ya 5. Washeni kompyuta, mchomeke kebo ya doki. Tumieni kebo iliyokuja na doki. Kebo ya kuchajia simu yaweza kuingia vizuri tunduni, lakini nyingi za namna hiyo hazina nyaya za kupitishia picha.

Hatua ya 6. Kwenye Windows, bonyeza kwa pamoja kitufe chenye nembo ya Windows na herufi P. Yatatokea machaguo manne. La kwanza ni skrini ya kompyuta pekee. La pili ni kurudia picha ileile. La tatu, lililoandikwa “Extend”, ni kutandaza, yaani kila skrini kuwa na nafasi yake. La nne ni skrini ya nje pekee. Chagua la tatu.

Hatua ya 7. Ingia kwenye mipangilio ya skrini, uzipange picha za skrini kama zilivyo mezani. Kama skrini ya nje iko kushoto kwako, ivutwe iwe kushoto. Bila hivyo kipanya kitatoka upande usioutazamia. Kuhamisha dirisha toka skrini moja hadi nyingine, bonyeza kitufe cha Windows, Shift na mshale wa kushoto au kulia.

7. SKRINI IPI IELEKEE WAPI

Hapa ndipo penye uzito wa somo hili. Katika chama, skrini tatu zipangwe hivi: skrini ya kompyuta yenyewe ibaki ya Katibu peke yake, kwa akaunti, barua na nywila. Skrini ya pili iwe pia upande wa Katibu, kwa daftari la kulinganishia. Skrini ya tatu imwelekee mwanachama, na juu yake pawe na dirisha moja tu, lenye jina la aliye mezani, zao, kilo na tarehe.

Hatari kubwa ni chaguo la pili, lile la kurudia picha. Nimeshuhudia foleni nzima ikisoma deni la pembejeo la mwenzao kwa sababu Katibu alifungua orodha ya mikopo huku skrini ya wanachama ikirudia kila alichokiona. Mzee aliyesomwa aliondoka bila kusema neno, na msimu uliofuata hakurudi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, yatutaka tuzilinde taarifa za watu tulizokabidhiwa. Lakini hata kama sheria hiyo isingekuwapo, heshima ya mwanachama ingetosha kutukataza. Uwazi ni kumwonyesha mtu hesabu yake mwenyewe. Kuonyesha hesabu yake kwa jirani si uwazi.

Kwa hiyo Katibu ajizoeze mambo mawili. Kila asubuhi, kabla ya mwanachama wa kwanza kuingia, azunguke meza na kutazama skrini ya wanachama kwa macho yake. Na kila anapoinuka, hata kwa dakika moja, abonyeze kitufe cha Windows na herufi L, ili kompyuta ijifunge na yaliyomo yafichike kwenye skrini zote.

8. CHOMBO KIKIKATAA

Tusianze kwa kulaumu. Tufuate mpango huu: tazama kama taa ya doki inawaka, tazama kama skrini imechagua tundu lililochomekwa kebo, badili kebo, unganisha skrini moja tu, ikikubali ongeza ya pili, punguza ukubwa wa picha, sasisha programu, mwishowe chomoa doki kwenye umeme kwa dakika moja, urudishe. Ikiwa baada ya hayo skrini bado ni nyeusi, rudi Sehemu ya 3, usome tena uwezo wa tundu.

Umeme ukikatika, skrini za nje zitazimika, lakini kompyuta itaendelea kwa betri yake na madirisha yatarudi kwenye skrini yake. Kazi haijapotea. Lakini mwanachama haoni tena. Hapo Katibu afunge yasiyohusika, kisha aigeuze kompyuta yenyewe kumwonyesha kila mkulima kilo zake kabla ya kumwita mwingine. Wakati wa kiangazi, vumbi letu likiwa jingi, vyombo vifunikwe kila jioni kwa kitambaa, baada ya kuzimwa na kupoa.

9. WAJIBU WA CHAMA

Ununuzi uwemo katika makisio yaliyoidhinishwa na mkutano mkuu. Doki na kila skrini viandikwe katika rejesta ya mali, pamoja na namba zake za utambulisho, tarehe na bei. Doki ni ndogo, yaingia mfukoni. Isiyoandikwa ni rahisi kupotea bila mtu kuulizwa. Stakabadhi na hati ya dhamana zihifadhiwe kwenye jalada, siyo kwenye boksi la chombo.

MUHTASARI

Umbo la tundu halionyeshi uwezo wake. Soma maelezo ya kompyuta yako. Kama shabaha ni skrini moja, kebo ya HDMI yaweza kutosha. Kama ni zaidi, chagua doki ilingane na tundu. Jaribu kabla ya kulipa. Hesabu umeme. Tandaza picha, usiirudie. Na skrini ya kwanza kununuliwa na chama iwe ile itakayomwelekea mwanachama.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA VIKUNDI

1. Katika chama chetu, mwanachama huona wakati gani kilo zake zilizoandikwa? Je, anaweza kusahihisha kosa kabla ya kuondoka?

2. Kompyuta yetu ni ya aina gani, na tundu lake la USB-C, kama lipo, lapitisha nini? Nani atathibitisha?

3. Fanyeni hesabu ya umeme ya ofisi yenu kwa saa 6 za kazi. Je, skrini ngapi zinawezekana?

4. Ni taarifa zipi za mwanachama zisizofaa kuonekana na wengine? Tajeni tano.

5. Chombo kilichonunuliwa kwa fedha za chama kikikataa kufanya kazi, uchunguzi ufanyweje ili asilaumiwe mtu asiye na kosa?

6. Kama fedha zatosha skrini moja tu, iwekwe upande wa Katibu au upande wa mwanachama? Toeni sababu.

Katibu aandike majibu ya kikundi katika kitabu cha kumbukumbu, na swali la sita lipelekwe kwenye bodi kabla ya msimu kuanza.